Yese Alibaki Nyumbani: Tafakari kwa Wazazi Wenye Watoto Mafunzoni



Wapendwa waamini wa Izimbya, nanyi nyote mnaotusoma kutoka Bukoba, Muleba na mbali zaidi, juma hili tunaomba kuzungumza nanyi juu ya watu ambao kila Dominika huketi mbele yetu kanisani, na ambao kwa muda mrefu hatukuwaona. Ni wazazi ambao watoto wao wako jeshini, wakiwa bado makuruta, katika mafunzo. Tunaanza kwa kuungama, maana jambo hili tulijifunza kwa kosa letu wenyewe.

Ilikuwa baada ya Misa ya pili. Mama mmoja mjane alitusubiri mlangoni mwa sakristia. Kijana wake, kitinda mimba, alikuwa ameingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea, kisha akachaguliwa kujiunga na Jeshi la Wananchi. Habari ya mwisho aliyompa mama yake ni kwamba baada ya mafunzo ya awali angepelekwa kwa wanamaji. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi miwili na nusu, na simu yake haikupatikana. "Baba Paroko," alituambia, "mtoto wangu hajui kuogelea. Huku kwetu kuna migomba. Maji yenyewe tunayachota kwa ndoo."

Nasi tulikuwa na haraka, kwa kuwa waamini wa kigango walikuwa wanatungoja. Tulimwekea mkono kichwani, tukamwambia awe na imani, asali rozari, Mungu atamlinda mwanawe. Maneno hayo ni ya kweli, wala leo hatuyakani. Lakini tuliyasema ili tupate kuondoka.

Wiki mbili baadaye mama yule alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni afande. Alimtaja kijana kwa jina lake kamili, akasema ameumia mazoezini, anahitaji kupasuliwa, na kwamba fedha za matibabu zitumwe kabla ya jua kuzama. Mama aliuza mbuzi wawili siku ile ile. Zilipopungua, akauza na kahawa ikiwa bado maua mtini, ile butura ambayo sote twajua inavyomnyonya mkulima. Fedha zikatumwa. Kesho yake namba ile ilikuwa imefungwa. Kijana hakuwa ameumia popote.

Hatukuambiwa habari hizi na mama mwenyewe, maana aliona aibu. Tuliambiwa na jirani yake. Tulipokwenda kumwona alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna kama desturi yetu ilivyo, wala hakutulaumu kwa lolote. Tukamwuliza kwa nini hakumwuliza mtu kwanza kabla ya kutuma fedha. Akatutazama kwa muda, akajibu: "Ningemwuliza nani?"

Wapendwa, swali hilo tulirudi nalo nyumbani, na hadi leo tunalo. Tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna WAWATA, tuna kwaya na halmashauri ya walei. Kati ya hao wote, mama huyu hakuwa na mtu wa kumwuliza. Na paroko wake alikwisha mjibu mlangoni mwa sakristia.

Tusiharakishe kuiita hofu ya mzazi upungufu wa imani. Sisi watu wa Kagera tuna sababu zetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka hapa kwetu na kupitia Kemondo, ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Mama yule alimpoteza kaka yake katika meli hiyo, na mwili haukupatikana. Aliposikia kwamba mwanawe anakwenda kwa wanamaji, hakuwaza sare nyeupe wala Kigamboni yaliko makao ya kamandi hiyo. Aliwaza mwezi Mei wa mwaka ule. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Na tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu wa kulinda amani waliposhambuliwa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, na zaidi ya 10 kati yao kuuawa, wazazi wangapi walikesha na redio wakingoja kusikia majina? Hofu hizi hazikuzuka hewani.

Wala jambo hili si la nyumba moja. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na kwa miaka mingi wasomi wetu walipita humo kwa mujibu wa sheria, mpaka utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994. Uliporejeshwa mwaka 2013, vijana wanaomaliza kidato cha sita walianza kuitwa tena makambini: Rwamkoma mkoani Mara, Kanembwa, Mtabila na Bulombora mkoani Kigoma, Ruvu, Mgambo, na kwingineko. Wengine huenda kwa kujitolea, wakitumaini kwamba baada ya hapo watapata nafasi katika majeshi. Mwenye macho ataona msimu ule ukifika: akina mama wanazunguka madukani Bukoba mjini wakitafuta bukta ya bluu iliyoiva, raba za kijani, soksi ndefu nyeusi na shuka za bluu ya bahari, kama tangazo lilivyoagiza. Mtoto anapakia begi lake, basi linaondoka alfajiri, na mzazi anarudi kibanjani. Kwa mtoto, yote ni mapya kuanzia saa ile. Mzazi anarudi kwenye nyumba ile ile, ila imepungua mtu mmoja.

Baada ya mkasa ule tulimwendea mzee mmoja wa parokia yetu, askari mstaafu aliyepigana vita vya Kagera, tukamwomba atufundishe. Alitueleza kwa utulivu. Kuruta, alisema, hujengwa upya tangu kuamka hadi kulala: mbio za alfajiri, kwata, usafi, shabaha, kulala porini. Simu hakai nayo. Halifanyiki hilo kwa ukatili. Lengo ni kijana ajifunze kumtegemea mwenzake aliye kando yake, asiwe kila akichoka anaitafuta sauti ya nyumbani. Akimaliza hatua hiyo na kuapishwa, anayechaguliwa kwa fani maalumu huanza upya tena. Mwanamaji hufundishwa kuogelea, kufunga mafundo ya kamba, kuzima moto ndani ya chombo, kuokoa anayezama. "Kwa hiyo, Baba Paroko," mzee akasema, "kijana asiyejua kuogelea anapelekwa huko ili ajue. Na ukimya si habari mbaya. Habari mbaya ya jeshini haiji kwa simu ya mtu anayeomba fedha. Huletwa na watu, mlangoni, wakiwa wamevua kofia."

Maneno hayo machache, kama yangemfikia mama yule mapema, yangemwokolea mbuzi wake na kahawa yake. Zaidi ya hayo, yangemwokolea usingizi.

Katika kusali juu ya jambo hili tulifungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 17. Sote tunaijua sura hiyo kwa sababu ya Daudi na Goliathi. Tunakimbilia kombeo na yale mawe matano, tunampita mzee mmoja aliye mwanzoni mwa habari. Huyo ni Yese wa Bethlehemu. Wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wamekwenda vitani na mfalme Sauli. Yeye ni mzee, hawezi kwenda. Siku 40 zinapita, na hana habari. Basi anafanya analoweza: anampa Daudi bisi na mikate 10 kwa ajili ya ndugu zake, na jibini 10 kwa ajili ya mkuu wao wa jeshi. Wazazi, hamjitambui hapo? Hata afande amekumbukwa! Kisha anamwagiza aangalie hali zao, na amletee kutoka kwao ishara ya kwamba wako salama.

Yese hakuomba wanawe warudishwe. Hakuomba kuambiwa siri za vita. Aliomba ishara tu. Na tazameni: Maandiko yanatusimulia jinsi Goliathi alivyoanguka na jinsi majeshi yalivyopiga kelele za ushindi, lakini hayatuambii kama ishara ile ilimfikia mzee. Macho yote yako bondeni. Yese alibaki nyumbani, na hakuna aliyeandika usiku wake ulikuwaje.

Nasi tulimkumbuka mama yetu mzazi. Tulipopelekwa seminari ndogo tukiwa wadogo, habari zilisafiri kwa barua iliyokabidhiwa kwa dereva wa basi. Miaka mingi baadaye, tukiwa tumekwisha kupadrishwa, ndipo alipotusimulia kwamba katika muhula ule wa kwanza alikuwa akienda barabarani kila Jumamosi, akijifanya anakwenda kununua chumvi, ili aone kama basi limeleta kitu. Chumvi ilijaa ndani mpaka baba akauliza. Sisi huko shuleni tulikuwa tunacheza mpira.

Basi, wapendwa, tumeanza jambo dogo hapa parokiani, na tunaliandika ili wa parokia nyingine nao walifikirie. Kila Dominika ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya kwanza, wazazi wenye watoto mafunzoni hukaa pamoja chini ya mti ulio nyuma ya kanisa. Mzee wetu mstaafu huwepo. Mzazi ambaye mtoto wake alikwisha hitimu humweleza yule ambaye mtoto wake ameondoka jana kwamba miezi ya kwanza ndiyo migumu, na kwamba siku simu itakapolia sauti ya kijana itakuwa imebadilika, asishtuke. Walio mbali hutumiana ujumbe. Anayepokea simu ya kuombwa fedha hatumi hata shilingi kabla ya kuwaambia wenzake, na kabla ya kwenda wilayani kwa mshauri wa jeshi la akiba, yule tuliyezoea kumwita mshauri wa mgambo. Jeshi lenyewe limekwisha kutangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi, na kwamba wananchi wajihadhari na matapeli.

Aidha tumejifunza kutoka kwa Yese. Kabla kijana hajapanda basi, yeye na mzazi wake wanapatana neno moja la siri: jina la mbuzi, au la jirani wa zamani, au la shamba la bibi. Yeyote atakayepiga simu akisema ametumwa na kijana, aulizwe neno hilo. Hiyo ndiyo ishara yetu.

Chini ya mti ule anakuja pia baba mmoja ambaye kijana wake alirudishwa nyumbani kabla ya kuhitimu, kwa sababu ya afya. Kwa miezi mingi baba huyo hakushiriki jumuiya, akiogopa kuulizwa. Wenzake walimfuata nyumbani kwake. Tunawasihi: kijana aliyerudi asiitwe aliyeshindwa. Amejaribu jambo ambalo wengi wetu hatukulijaribu, na bado ni mwana wa parokia hii.

Mama yetu mjane naye anakuja, na siku hizi ndiye anayewafariji wapya. Mwezi uliopita simu yake ililia. Alikuwa kijana wake. Waliongea kwa dakika chache tu. Alimwambia kwamba sasa anaogelea, kwamba amenenepa, na kwamba bahari ni ya chumvi kweli kama walivyosema shuleni. Kisha akauliza: "Mama, kahawa mmeshavuna?" Mama akajibu, "Tumevuna, mwanangu. Imezaa vizuri."

Alikuja kutuuliza kama hiyo ni dhambi ya kuungama. Kahawa ilizaa vizuri kweli, ila iliyovunwa haikuwa yake tena. Tulimwambia akae kwanza tuzungumze, maana safari hii hatukuwa na haraka.

Katika juma hili, kila jumuiya ijiulize: kati yetu ni nani aliyebaki nyumbani akingoja ishara? Mtafuteni kabla tapeli hajamtafuta. Ee Bwana, wewe uliyemwona Yese wakati wote walipomtazama Goliathi, walinde vijana wetu walioko mafunzoni, na uwape wazazi wao watu wa kuwauliza. Amina.

Tunawatakia Dominika njema.