PLAGI IMECHOMOLEWA, LAKINI UMEME BADO UMO



Leo sina mahubiri. Nina ushuhuda, na sehemu yake inaniaibisha. Lakini kosa lenyewe nililifanya hadharani, kwa hivyo siwezi kulitubu chumbani nikiwa peke yangu.

Wengi wenu hamjui kwamba kabla sijaitwa kwenye huduma nilikuwa mpiga gita. Gita lenyewe limelala juu ya kabati miaka mingi. Desemba iliyopita mpwa wangu anayeishi Marekani alikuja likizo akaniletea katoni. Ndani mlikuwa na kasha la bati lenye matundu, transfoma mbili, spika ya inchi nane, mafungu ya waya, na vali tatu za kioo zilizofungwa kwa karatasi kama mayai. "Mjomba, hii ni amplifaya ya gita," akasema. "Lakini lazima uiunde mwenyewe."

Ni mfano wa Fender Champ ya mwisho wa miaka ya 1950. Ni kitu kidogo sana. Ina wati 5 hivi na kitufe kimoja tu, cha sauti. Leo Fender aliyeanzisha kampuni hiyo alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, na ukitazama mchoro wa Champ utaona ni kama redio iliyookoka! Wenye umri wangu mnakumbuka redio ya babu: unawasha, halafu mnangoja ipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Hii ni hivyo hivyo. Rezista na kapasita zote hazizidi ishirini na kitu, lakini kila moja unailehemu kwa mkono.

Nilichouliza kwanza ni transfoma. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Ukichomeka hapa transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya kule, utanusa moshi kabla hujasikia muziki. Mpwa wangu alikuwa ameagiza ya 240. Mungu ambariki.

Niliangalia kazi yenyewe nikajua sitaiweza pekee. Nikaenda Luthuli Avenue nikauliza-uliza, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za vali enzi zake. Alipoiona ile katoni alicheka kama mtoto. Tukakubaliana awe anakuja kwangu Jumatatu, siku yangu ya kupumzika.

Kulehemu sitakueleza sana. Niliunguza vidole, nikaunganisha waya mbili kinyume, mzee akazifungua bila kusema neno. Ninachotaka usikie ni kilichotokea Jumatatu ya nne.

Siku hiyo tulikuwa tayari kuwasha kwa mara ya kwanza. Mzee alisema tuweke vali moja tu, ile 5Y3, ambayo kazi yake ni kuchukua umeme unaokwenda na kurudi na kuufanya uende upande mmoja. Zile vali mbili nyingine, 12AX7 na 6V6, zibaki mezani mpaka tuhakikishe umeme uko sawa. Tukawasha. Mita ikasoma zaidi ya volti 400. Mzee akaridhika. Nikazima, nikachomoa plagi ukutani, tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi niliona waya mmoja umelegea karibu na kapasita kubwa. Nikanyoosha mkono niurekebishe.

"Pasta!" Mzee alinishika mkono kwa nguvu sikujua bado anazo. "Unataka tukuzike?"

"Lakini Mzee, nimechomoa."

"Umechomoa ukuta. Humu ndani hujachomoa." Akachukua mita, akagusisha nyaya zake mbili. Plagi ilikuwa sakafuni, nusu saa ilikuwa imepita, na mita ilisoma volti 210.

Sikiliza nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Kapasita ni kama lile tangi la maji uliloweka juu ya paa. Maji ya kaunti yakikatwa, tangi lako bado limejaa. Litamaliza tu kama kuna mfereji uliofunguliwa. Amplifaya ikiwa na vali zote na zina moto, zenyewe zinaunywa ule umeme ukizima. Lakini siku ile vali mbili za kuunywa zilikuwa mezani. Tangi lilijaa na hapakuwa na mfereji. Umeme haukuwa unatoka ukutani tena. Ulikuwa umekaa mle ndani kimya, hauna sauti, hauna taa, unangoja mkono.

Mzee alinionyesha unavyotolewa. Usitumie bisibisi, inalipuka cheche na kuharibu vitu. Unachukua rezista ya omu 10,000, ya wati 5, yenye waya na vibanio. Kibanio kimoja unakifunga kwenye bati, kingine unakigusisha kwenye kapasita, na ule mkono wako mwingine unauweka mfukoni, ili umeme ukikupata usipite kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Sekunde chache, mita ikasoma sifuri.

Nikafikiri tumemaliza. Mzee akaondoa rezista, akaniambia nitazame mita. Wapendwa, ile namba ilianza kupanda. Volti 3. Volti 8. Volti 15. Hakuna plagi, hakuna ukuta, hakuna mtu aliyegusa kitu.

"Inatoka wapi?" nikauliza.

"Ni yake mwenyewe. Huwa inajificha ndani zaidi," akasema. "Unaitoa tena. Halafu unaacha kibanio hapo hapo mpaka umalize kazi."

Jioni ile mke wangu alinikuta bado nimeketi mbele ya meza. Akaniwekea kadi ya harusi. "Pasta, mama yake ndiye aliyeileta," akasema, akanitajia jina la kijana.

Nilisema, "Sawa." Halafu nikaona kadi inatikisika mkononi mwangu. Nikasikia nikisema, "Na ana ujasiri wa kutualika?"

Mke wangu akaniangalia. "Si ulisema ulimsamehe?"

Mlio nasi siku nyingi mnamjua kijana huyo, nami sitamtaja hapa. Alikuwa mpiga gita wetu. Nilimfundisha nyuzi za kwanza mimi mwenyewe. Miaka sita iliyopita aliondoka usiku wa kuamkia mkesha wetu mkubwa, na nusu ya kikundi cha sifa wakamfuata. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya Absalomu, mwana wa Daudi, aliyesimama langoni akiiba mioyo ya watu. Sikutaja jina. Sikuhitaji. Mama yake alikuwa ameketi safu ya tatu, na niliona akiinamisha kichwa, na nikaendelea kuhubiri.

Wiki mbili baadaye nilisimama madhabahuni nikatangaza kwamba nimemsamehe. Mlipiga makofi. Baadhi yenu mlilia.

Ambacho sikuwaambia ni hiki. Kabla hajaondoka, kijana alikuja ofisini mara tatu kuniomba nauli. Alikuwa anapanda matatu mbili kuja mazoezini na mbili kurudi, hana kazi. Mara zote tatu nilimwambia amtolee Bwana kama sadaka. Mwezi huo huo tulinunua viti vipya vya jukwaani. Changu ndicho kilichokuwa kikubwa.

Kwa hivyo nilipotangaza msamaha, nilichomoa plagi, basi. Nilizima ugomvi ili kanisa lisonge mbele. Lakini miaka sita yote, jina lake likitajwa kwenye kikao, nilikuwa nabadilisha mada. Wimbo aliokuwa akiupiga tuliacha kuuimba, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Halafu mtu akinyoosha mkono tu, hata mtu asiye na kosa, hata mke wangu na kadi, ananaswa na volti zangu.

Petro alitaka kujua ni mara ngapi amsamehe ndugu yake, na unalijua jibu alilopewa. Nimelihubiri miaka mingi kama hesabu ya makosa ya yule ndugu: akikosa tena, samehe tena. Usiku ule nililisikia vingine. Kijana huyu alinikosea mara moja tu. Anayerudi tena na tena ni mimi, namba ikipanda yenyewe, asubuhi sifuri, jioni kumi na tano. Kosa moja hilo hilo, na ninahitaji kulisamehe kila siku. Na ewe unayesoma, uliyesema umemsamehe dada yako juu ya lile shamba, hebu mtu alitaje jina lake mezani leo, kisha itazame mikono yako.

Nilimpigia simu Jumanne. Iliita sana.

"Hallo, ni Pasta."

Kimya. Kisha akauliza taratibu, "Pasta... nani amekufa?"

Hilo lilinivunja. Miaka sita, na sababu pekee anayoweza kuifikiria ya mimi kumpigia ni msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Nimekupigia kuhusu ile nauli."

Tuliongea dakika arobaini. Mengine ni yake, sitayaandika. Hakulia, na hakusema yameisha. Alisema nilichomfanyia mama yake ni kizito kuliko cha nauli, na ni kweli. Mama, kama unasoma hapa: Jumapili nitakuomba msamaha mahali pale pale nilipokuaibisha, kama utaniruhusu. Kama hutaki watu wakutazame tena, niambie, nitakuja nyumbani.

Amplifaya inafanya kazi. Vali zinawaka rangi ya chungwa, ina mvumo kidogo ambao mzee anasema tutaufuatilia Jumatatu, na sauti yake ni tamu kuliko nilivyotarajia kutoka wati 5. Lakini vidole vyangu vimekuwa vigumu. Nimemwomba kijana aje aijaribu baada ya harusi yake. Amesema ataona.