Gunia la Kahawa Miguuni

Mjukuu wangu yuko darasa la nne. Likizo ya Juni alikuja kwetu Marangu na daftari la kuchorea, akakaa barazani, akaipaka Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, yote rangi ya kahawia. Nikamwambia amesahau theluji.

"Theluji gani, Babu?"

Akanishika mkono, akanitoa uani. Ilikuwa saa moja asubuhi, mawingu yalikuwa hayajapanda. Upande mmoja wa kilele palikuwa na kiraka cheupe, kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Mtoto alikuwa amechora alichokiona. Nilikuwa na hasira, nikakosa pa kuiweka.

Mimi nilipanda mara ya kwanza nikiwa mpagazi, masika ya 1979. Dada yangu anasema ni 1980, kwa kuwa ndio mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza. Basi na iwe hivyo. Vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo, vile vya paa linaloshuka hadi karibu na ardhi, vilivyojengwa kwa msaada wa Norway, vilikuwa bado vinanukia mbao mbichi. Baba, aliyebeba mizigo kabla yangu, hakuyazoea majina hayo ya wamangi, machifu wetu wa Kichaga. Hadi anakufa alisema "Bismarck" na "Peters", kama Wajerumani walivyoviita vibanda vya zamani.

Kabla ya kwenda getini ilikuwa lazima upite Marangu Mtoni, kwa mama wa makoti. Alikuwa mjane wa mpagazi. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa makoti ya mitumba, sweta, soksi za sufu na viatu vizito vilivyoachwa na wageni. Harufu ya chumba kile ninayo hadi leo: dawa ya nondo, sufu yenye unyevu, na juu ya yote magunia ya kahawa, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akihifadhi mavuno yake humo. Alitukodishia bila malipo ya mbele; ulilipa ukirudi. Hakukuuliza namba ya mguu. Alikushika kisigino, akapima kwa shubiri, akaingia gizani na kutoka na jozi moja, nayo ilikuenea.

Alinipa pia vipande viwili vya gunia na kamba ya katani. "Mwanangu, theluji ikiwa laini, fungia hivi juu ya viatu. Hutazama sana, wala hutateleza."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka msitu. Theluji aliijua kwa viatu vilivyorudi. Ngozi iliyovimba na kupauka, nyuzi zilizolegea, gunia lililooza kingo: huko juu ilianguka nyingi. Vumbi jeusi kwenye mikunjo: hakuna kitu. Alituambia hali ya mlima kabla hatujafungua mdomo.

Kwa kawaida mpagazi huishia Kibo Hut, nyumba ya mawe iliyo mita 4,700 na ushei. Katika safari ile ya kwanza, usiku, msaidizi wa kiongozi alikamatwa na mlima, anatapika, kichwa kinampasuka. Kiongozi akanitazama miguuni, akasema, "Wewe utakwenda." Nilikuwa nimelala kitanda cha juu cha dabodeka, chumba kizima kikinuka mafuta ya taa na soksi. Tulikunywa chai iliyopikwa kwa maji tuliyoyabeba mgongoni, kwani pale Kibo hakuna kijito. Tukatoka usiku wa manane, saa ambayo mchanga wa mlima umeganda. Mchana unapanda hatua moja, unarudi nusu.

Juu ya Pango la Hans Meyer theluji ilifika magotini. Kiongozi alitangulia akikanyaga, nasi tukitia miguu katika mashimo yake. Nikafunga magunia. Sauti ikabadilika, badala ya ule mlio mkavu wa kiatu, ukawa mwingine mzito, kama mtu anayetembea juu ya pumba. Yalipolowa yakaanza kutoa harufu ya kahawa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimeganda vidole, karibu na Gilman's Point, na hewa yote ilinukia ghala la mama yule. Kulipopambazuka tulitembea ukingoni kuelekea kilele cha Uhuru, kushoto kwetu barafu imesimama kama kuta za kanisa, ya buluu kwa ndani.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe ule kwa mbali, mwongozaji wake Mwafrika aliuita "baridi" tu. London walibishana miaka: theluji karibu na ikweta? Mwongozaji alijua alichosema. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walifika na ski zao huko juu. Mwaka huo barafu ya mlima ilikuwa kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 hazikufika 2. Wataalamu wanasema chanzo ni hewa iliyokauka, theluji mpya isiyoanguka vya kutosha, na joto la dunia.

Mama wa makoti aliwatangulia. Miaka ya tisini nilimrudishia viatu, akavigeuza, akavikung'uta. "Mwanangu, siku hizi vinarudi vikavu." Hakusema zaidi. Muda si mrefu akafunga chumba.

Yaliyofuata yamepita haraka. Njia nyingine zikajaa mahema. Mizigo inapimwa getini, jambo jema ambalo baba hakulipata. Mwaka 2020 moto uliunguza mlima, nasi tukautazama kutoka migombani. Mwaka 2022 intaneti ikafika Horombo. Vijana wanatuma picha kutoka huko, wamekipa kisogo kipande cha barafu kilichobaki, wala hawageuki. Hilo linaniuma kuliko moto.

Vipande vile vya gunia ninavyo. Nilimpa mjukuu, akavinusa, akasema havinuki kitu. Ni kweli.

Desemba nitampeleka Horombo, magoti yakiniruhusu. Theluji hatutaikuta, najua. Lakini pale, ukiacha beseni la maji nje ya kibanda, alfajiri mara nyingi hukuta utando wa barafu, mwembamba kama kioo cha taa. Nitamwamsha kabla jua halijaugusa.