Mizani ya Mzee Keya

Baba yangu alikabidhiwa mizani ya pamba Kisesa kwa sababu hakuwa na ndugu hapa. Alikuwa Mkurya wa Tarime, askari aliyerudi kutoka Burma, na wazee wa Kisukuma waliona kwamba mtu asiye na shangazi wala mjomba kijijini hana wa kumpendelea. Mimi niliyeirithi kazi hiyo nimezaliwa na mama Msukuma. Nusu ya foleni ilikuwa wajomba zangu.

Aliingia Keya, kama watu walivyoliita jeshi la King's African Rifles, mwaka 1942. Mwaka 1944 alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw mvua za huko zikiwa zimepamba moto. Ukimwuliza habari za Wajapani, alikujibu habari za tope: malori yaliyozama, malaria, miguu iliyochubuka ndani ya buti. Kusoma na kuandika alijifunzia huko huko jeshini. Akiwa koplo alihesabu risasi na makopo ya nyama kila jioni, na kilichokosekana daftarini kilihesabiwa kimeibwa.

Alipoachishwa jeshi mwaka 1946, alikuta kaka zake wamekwisha kugawana ng'ombe wa baba yao wakidhani amekufa. Hakugombana nao. Alinunua baiskeli, akapanda meli Musoma, akashuka Mwanza na kushika barabara ya kurudi mashariki hadi Kisesa, mwendo wa kama kilomita 20. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alimpa shamba la pembeni. Alilima pamba, na baada ya misimu kadhaa, akiwa tayari ameshika mizani, akamwoa mama.

Siku hizo pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara wenye vinu, kwa ratili, na malalamiko ya wakulima yalikuwa juu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vuguvugu la ushirika lililoongozwa na Paul Bomani lilidai wakulima wawe na wapimaji wao penye ununuzi. Hapo ndipo wazee walipomkumbuka yule Mkurya mwenye daftari. Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, baba alining'iniza kipande cha reli alichokijua uzito wake. Mshale ukisoma vingine, hakuna kununua. Kisha alipima magunia matupu ili mkulima asikatwe zaidi ya uzito wa gunia. Mkulima naye hakuachwa: mkono wa baba uliingia hadi chini ya mzigo kutafuta mchanga, mawe na unyevu. Pamba safi ilikwenda upande wake na fifi, ile ya daraja la chini, upande wake.

Mwaka 1955 vyama vya ushirika wa pamba viliungana kuwa shirikisho la VFCU. Nilipoanza ukarani wa mizani, mwaka 1969, muungano huo ulikuwa umekwisha kuwa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Msimu wangu wa kwanza mjomba wangu mkubwa alileta pamba iliyonyunyiziwa maji. "Mpwa wangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "leo tusaidiane." Niliirudisha ikaanikwe. Jioni mama hakunisemesha, na baba hakunisifu. Aliuliza tu kama nimeandika sababu ya kuikataa.

Nimeandika sababu kwa miaka mingi. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika, tulibaki tukipima kwa niaba ya kijiji, na malipo yakichelewa wakulima walinifuata mimi. Mwaka 1979, wakati wa vita na Uganda, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin ilidondosha mabomu Mwanza yakaua swala wa kisiwa cha Saanane. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kwenda vitani Uganda na mgambo. Siku ya kuagana baba alimpa jozi za soksi na kumwagiza abadilishe kila zikilowa. Hakuongeza neno, na mdogo wangu alirudi na miguu yake mizima. Ushirika uliporudi miaka ya 1980 nilirudi nao, hadi wanunuzi binafsi walipofunguliwa mlango mwaka 1994.

Mwaka huo huo watafiti wa UKIMWI walianza kuhesabu kaya za Kisesa. Walipouliza idadi ya watu wa kaya yetu, baba alileta daftari: watoto, wakwe, wajukuu, kila mmoja na mwaka wake. Umri wake mwenyewe ndio uliokuwa wa kukadiria.

Baada ya kustaafu niliyafungua madaftari yake ya upimaji. Nikakuta mzigo wa babu mzaa mama, msimu uliofuata harusi: umeshushwa daraja kuwa fifi, umekatwa unyevu, sababu imeandikwa. Msimu uliofuata, hivyo hivyo kwa shemeji yake. Kumbe naye alipima wakwe, na mizani haikusogea. Wazee walimpata mtu waliyemtaka, ila sababu waliyomchagulia ilidumu hadi alipooa tu.

Alipofariki, ndugu wa Tarime walikuja kudai mwili. Wazee wa Kisesa, wengine wao watoto wa watu aliowarudishia pamba, walisema mzee huyu ni wao. Mabishano yalichukua usiku mzima, kila upande ukihesabu ng'ombe, mahari na wajukuu. Asubuhi ndugu wa Tarime wenyewe walishika majembe, wakasaidia kuchimba kaburi kandokando ya shamba alilopewa na mwanangwa.