Mashine ya Mjomba Pwani ya Kunduchi

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Chunya. Wakati wa likizo alikuja kwetu Kunduchi na mashine mpya ya kutafutia madini, aliyoinunua kwa kuuza ng'ombe wawili. Alitaka kuijua vizuri kabla ya kurudi machimboni, na mchanga wa pwani ni laini kuchimbika. Basi nikawa mwanafunzi wake, ingawa mwalimu mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Mashine hiyo ni fimbo ndefu yenye sahani chini na kisanduku juu, pamoja na vyombo vya kusikilizia masikioni. Ndani ya sahani mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme upitao humo huleta nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Ikikuta chuma au shaba ardhini, huamsha humo umeme mdogo, nao sahani huuhisi, mashine ikalia. Darasani somo hili lilikuwa michoro tu; pwani nililisikia kwa masikio yangu.

Siku ya kwanza ilikuwa taabu tupu. Maji yalikuwa yamekupwa, tukaenda kwenye mchanga uliolowa, mashine ikalia bila kunyamaza. Mjomba akasema amepunjwa. Kumbe maji ya chumvi hupitisha umeme, hata mchanga mtupu ukaidanganya mashine. Tulipanda kwenye mchanga mkavu, ikatulia.

"Polepole, mjomba," akaniambia, "hufyeki majani."

Sahani hupita chini chini, kila mpito ukilalia kidogo ule uliotangulia. Kwa siku tatu tulipata vizibo vya soda visivyo idadi, misumari ya mashua, ndoana moja na sarafu ya shilingi 100. Msumari hutoa sauti ya kukatika-katika. Sarafu hulia wazi kutoka kila upande. Lakini kipete cha kopo la soda huweza kulia kama dhahabu, na hilo lilimchosha mjomba moyo.

Siku ya nne kijana mmoja alitufuata akatushauri twende usiku kwenye magofu, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Alisema wako watu mjini wanunuao sarafu za kale. Mjomba akanyamaza, akaitazama mashine yake. Nilijua anawafikiria wale ng'ombe.

Nikamwambia kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba mahali kama pale bila kibali. Kisha nikamsimulia habari za sarafu. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 5 za shaba za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Mpaka leo hakuna ajuaye zilifikaje huko. Lakini Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wataalamu walifukua mwaka 1984 sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zilikuwa pamoja na dinari chache za dhahabu zenye miaka, na kwa dinari hizo ikajulikana kuwa zilifukiwa katika karne ya 11. Angezipata mtu usiku akaziuza mojamoja, nani angejua?

"Haya," mjomba akasema, akamwaga yule kijana kwa adabu.

Sasa yuko Chunya. Ameniarifu kwa simu kuwa udongo wa huko una mawe yenye chuma, nao unalia vingine kabisa. Ameanza kujifunza upya.