Mapazia Mawili ya Magharibi

Jua la Tarime huchelewa. Mji ule uko magharibi ya Unguja kwa digrii tano kasoro kidogo, na kwa kuwa saa ni moja kwa nchi nzima, aghalabu watu wa visiwani huwa wamekwisha kuswali magharibi ndipo jua linapozama nyuma ya vilima vya huko, dakika 19 hivi baadaye kwa wastani. Lakini likizama, halingoji. Karibu na ikweta kiasi kile mwanga wa jioni hauzidi sana dakika 20 kabla ya giza kushika. Ni katika dakika hizo sherehe za Wakuria hupamba moto: ng'ombe wamerudi zizini, nyuzi nane za litungu zimekazwa, wachezaji wamejipanga uwanjani, na mpiga picha anaiwasha flashi yake.

Picha zitokazo hapo zajulikana nchi nzima. Uso mweupe kama uliopakwa chokaa, shati linang'ara, na nyuma yake weusi mtupu. Hakuna kilima, hakuna nyumba, hakuna moto wa kuni, wala anga la zambarau lililokuwapo saa ile. Atakayeitazama picha hiyo baada ya miaka 10 atadhani mtu yule alicheza kisimani. Wengi huilaumu flashi, na lawama hiyo si ya haki. Aghalabu kosa ni la mkono ulioipanga shata.

Ndani ya kamera zile zinazobadilishwa lenzi, aghalabu mna mapazia mawili madogo mbele ya filamu, au mbele ya kihisi mwanga kwa kamera za kidijitali. Pazia la kwanza huondoka likauachia mwanga uingie. La pili hulifuata likaufunga. Muda ulio kati ya kuondoka kwa la kwanza na kuondoka kwa la pili ndio uitwao kasi ya shata. Kasi ikiwa ndogo, pazia la kwanza humaliza safari yake, uwanja wote ukawa wazi, kisha ndipo la pili likaanza. Kasi ikiwa kubwa, la pili halina nafasi ya kusubiri. Huanza safari mwenziwe angali njiani, na picha hupigwa kwa ufa mwembamba unaopita kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Flashi nayo ina haraka yake. Mwako wake huisha kwa muda wa kama 1/1000 ya sekunde, na ikipunguzwa nguvu huweza kuisha kwa 1/20,000. Ikiwaka wakati ule ufa unapita, itaangaza ukanda mmoja tu wa picha, na sehemu iliyobaki itakuwa giza. Ndiyo maana kila kamera ina mpaka wake: nyingi za zamani zenye mapazia ya kitambaa zilikoma 1/60, na nyingi za leo hukoma 1/200 au 1/250. Mjuzi wa mashairi hatashangaa. Mshororo una ukwapi na utao, na katikati yake pana pumziko. Flashi hutaka kutua pale, ukwapi umekwisha na utao haujaanza. Zipo flashi za kisasa zinazopigapiga mfululizo wakati ufa ukipita, ila hulipa kwa kupungukiwa nguvu, na zafaa jua la mchana kuliko usiku.

Chini ya mpaka huo ndiko iliko siri yenyewe. Picha ya flashi ni picha mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine. Ya kwanza hutokana na flashi, nayo hukamilika kabla ya jicho kupepesa. Shata haiiongezi wala haiipunguzi, kwani kiasi chake hutegemea nguvu ya flashi, umbali wa mtu na upana wa tundu la lenzi. Ya pili hutokana na mwanga wa mahali penyewe, yaani anga, moto, taa ya chemli, na hii shata huitawala. Kwa 1/200 magharibi ya Tarime haipati hata nafasi ya kubisha hodi. Kwa 1/15 hupewa muda wa mara 13 zaidi, na uso ulioangazwa na flashi hubaki karibu vilevile. Kilima hurudi. Moto hurudi.

Umbali una hukumu kali. Aliye mita 6 kutoka kwenye flashi hupata robo tu ya mwanga wa aliye mita 3. Mama mmoja wa Tarime ametunza picha ya harusi ya bintiye, ya enzi za filamu, ambamo wazee walipangwa safu ya nyuma, kama kwamba heshima ni kusimama mbali. Alipoletewa picha aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona bibi hayumo?"

"Yumo, mama. Tazama hapa, hiki ndicho kitambaa chake."

Kitambaa kilionekana kweli, cheupe, chini yake hamna uso. Bibi akafariki kabla hajapigwa picha nyingine. Filamu haikurudishii ambacho haikupewa. Mpiga picha yule tangu siku hiyo huwaketisha wazee mbele, na jua likishazama hushusha shata hadi 1/30, hata wateja wakimlalamikia kwamba picha si kali kama za wenzake.

Malalamiko hayo yana msingi. Shata ikikaa wazi, mkono ukitikisika au mtu akisogea, mwanga wa jioni huandika kivuli chepesi pembeni mwa umbo lililogandishwa na flashi. Kwa desturi flashi huwaka mara tu pazia la kwanza linapokwisha kufunguka, basi mchezaji anayekwenda mbele huachwa na kivuli kilichomtangulia, akaonekana kama anarudi kinyumenyume. Kamera nyingi huweza kuamrishwa kinyume cha hivyo: flashi ingoje, iwake punde kabla pazia la pili halijaondoka. Hapo kivuli hubaki nyuma ya mchezaji, na jicho huuona mwendo. Wenye simu za mkononi wasijisumbue na hili, kwa kuwa taa ya simu huwaka muda wote wa picha na haigandishi kitu.

Ukivuka Mto Mara kwenda kusini, ukaipita Mugumu na kuingia Hifadhi ya Serengeti, swali huwa jingine: je, flashi iwashwe hata kidogo? Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku katika nyika za Umasai kwa unga wa magnesi, na kuzitoa kitabuni mwaka 1905, hakujiuliza sana. Alifunga ng'ombe na punda wawe chambo cha simba, kisha akawasha. Watafiti waliotandaza kamera 225 katika kilometa za mraba 1,125 za Serengeti kuanzia 2010 walitumia mitego isiyohitaji chambo. Hadi 2013 ilikusanya seti za picha milioni 1.2, nyingi hazina kitu ila majani yaliyotikiswa na upepo.

Naye Mmarekani Michael Nichols, aliyewafuata simba wa hapo mwaka 2011 na 2012, usiku alitumia mwanga wa infraredi, usioonwa na simba wala na mtu, ili shata ipate chakula chake na simba wasibughudhiwe. Picha yake mashuhuri kuliko zote, nayo ya infraredi, ni ya mchana: majike watano na watoto wao wamelala juu ya jiwe. Ilipata tuzo kuu ya mpiga picha bora wa viumbe vya porini mwaka 2014. Kundi hilo liliitwa Vumbi. Miezi michache baada ya picha kupigwa, zilimfikia habari kwamba kundi lilitoka nje ya hifadhi, na majike watatu wameuawa.