Asali Huingia Mwisho

Maisha yangu ya kazi yamepita katika kupika bia, kwanza kwa mshahara kiwandani, kisha kwa kuwafundisha wanaopika nyumbani hapa Marekani, ambako sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 ilimruhusu mtu mzima kujitengenezea bia ya nyumbani bila kodi, kwa kiwango kilichowekwa. Katika kazi hiyo, swali lililonipa mabishano mengi kuliko jingine ni la bia ya ngano na asali: asali itiwe lini? Mapishi mengi wanayopewa wanaoanza huitia sufuriani pamoja na hopsi, ichemke muda mrefu. Nashikilia kwamba kufanya hivyo ni kuitupa. Mahali pake ni mwishoni, povu la chachu likishashuka, na chombo kinachoifaa bia hiyo ni kegi.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya asali yenyewe. Karibu asilimia 80 yake ni sukari, na inayobaki karibu yote ni maji. Sukari hiyo kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, ambazo chachu huzila zikaisha. Kimea cha shayiri na ngano ni tofauti: huacha sukari nzito ambazo chachu haiziwezi, na ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Tia nusu kilo ya asali katika lita 19 na haidromita, kipimo cha sukari iliyomo, itapanda karibu alama nane. Chachu ikimaliza kazi, alama hizo hazipo tena, na kilichoongezeka ni kama asilimia moja ya kileo. Ndiyo maana anayetia asali akitarajia utamu huishia na bia kavu, nyepesi kuliko aliyoikusudia. Basi ikiwa utamu haubaki, jambo la maana ambalo asali inaweza kuiachia bia ni harufu, nayo harufu hupaa upesi. Sufuria ikichemka, jiko zima hunukia maua, na watu hufurahi. Lakini harufu iliyojaa jikoni haimo tena katika bia. Hata anayeitia moto ukishazimwa hajaiokoa, kwa sababu siku za mwanzo chachu hutoa gesi kwa nguvu, na kila kiputo kinachopanda juu huondoka na sehemu yake.

Kwa hiyo subira ndiyo njia. Nusu ya nafaka iwe ngano, nusu shayiri, kwa kuwa ngano haina maganda ya kuchujia na ikizidi hugandamana kama ugali. Maji ya kulowekea kimea yakae kwenye nyuzi 66 hivi. Hopsi ziwe chache. Chachu iwe ya tabia tulivu. Ile ya Wajerumani ya bia ya ngano hutoa harufu ya ndizi na karafuu, nzuri kwa mahali pake, ila huifunika asali. Siku ya tatu au ya nne povu hushuka na kuacha mkanda wa kahawia ubavuni mwa ndoo. Hapo asali hupashwa moto hadi itiririke kama mafuta, ikamiminwa kidogo kidogo. Ukiimwaga kwa pupa, gesi iliyofichika katika bia hufumuka, nayo ikafurika sakafuni. Chachu itaamka tena, ila kwa upole, na harufu nyingi itabaki.

Wapo wanaoniambia kwamba asali isiyochemshwa inaingiza vijidudu. Ni kweli kwamba humo mna chachu pori na bakteria, waliolala tu kwa uhaba wa maji. Lakini wakati huo bia si maji matamu ya kimea tena: ina kileo, ina uchachu, ina hopsi, na ina chachu tele iliyokwisha kutawala. Mwenye wasiwasi aipashe asali hadi nyuzi 70 kwa dakika chache, chombo kikiwa kimefunikwa. Wengine hunikumbusha muratina, pombe ya Wakikuyu, ambayo asali yake huingia tangu mwanzo. Nakubali, na mfano huo wanipa nguvu. Muratina huwekwa karibu na moto ipate joto la kuchachuka. Haichemshwi na hopsi. Tena hunywewa changa, chachu ikiwa bado kazini na sehemu ya utamu haijaliwa.

Pingamizi zito ni la gharama, kwamba chupa zatosha. Zatosha kwa bia iliyokwisha kabisa, ikipimiwa sukari ya kawaida. Ila maji ya asali hutofautiana mtungi kwa mtungi, kwa hiyo gramu zile zile hazitoi gesi ile ile, na asali ambayo haijamalizika kuliwa hupandisha presha ndani ya kioo hadi kipasuke. Kegi za chuma zilizowahi kutumiwa na wauza soda, ambazo wapikaji wa nyumbani hununua zikiwa kuukuu, nyingi zimegongwa muhuri wa paundi 130 kwa inchi ya mraba, na zina vali ya kupunguzia presha. Ijaze kegi gesi ya kaboni kwanza kuitoa hewa, maana oksijeni huchakaza harufu ile ile tuliyoihangaikia, kisha bia iingie kupitia bomba refu linalofika chini. Ikae kwenye nyuzi nne kwa presha ya paundi 12 hadi 14, wiki moja au siku kumi. Katika baridi hiyo chachu hulala, hata mtu anaweza kuongeza asali kidogo humo humo na utamu ukabaki, mradi kegi isitoke kwenye friji.

Kuhusu asali ya kuchagua, ya maua ya mchungwa inaafikiana na ngano vizuri. Ya miombo ya Tabora, yenye rangi nzito na ladha kali, ningeiwekea bia nyeusi. Na kwa bia nyeusi iliyo kali sana, ambayo mpikaji anaitaka asali kwa ajili ya kileo tu, sina ugomvi na anayeitia sufuriani.