Kupogoa si Kufyeka

Kiswahili hakiridhiki na neno moja mahali panapohitaji manne. Kamba hukatwa, kuni huchanjwa, kichaka hufyekwa, na mti hupogolewa. Wanafunzi wetu wa huku Uganda, ambao wengi wao hukutana na lugha hii darasani tu, huyatia yote katika kapu moja la "kukata". Wala si watoto peke yao. Katika shule ninayofundisha, watu wazima walibishana majuma mawili juu ya mmea mmoja, na kiini cha ubishi kilikuwa ni tofauti iliyopo kati ya maneno mawili ya mwisho.

Mmea wenyewe ni bogenvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, aliukusanya huko Rio de Janeiro akiwa katika msafara wa baharia Louis Antoine de Bougainville, na jina la baharia huyo ndilo lililobaki. Haujizongi kama maharage. Hupanda kwa kujishikiza kwa miiba yake. Zile rangi tunazoziita maua kwa kweli ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limekaa katikati yao kama mgeni mwenye haya.

Bogenvilia yetu ilipandwa na mwalimu mwenzetu ambaye sasa ni marehemu. Ilipanda ukuta wa darasa la kidato cha pili, ikayashika mabati, na matawi yake makavu yakauziba mfereji unaopeleka maji ya mvua tangini. Mvua iliponyesha, maji yalimwagika darasani na tangi likabaki tupu. Shule isiyo na bomba la kutegemewa haiwezi kulichukulia jambo hilo kwa mzaha. Baadhi yetu walisema mmea ung'olewe. Wengine walisema usiguswe hata tawi, kwani ni kumbukumbu ya marehemu. Mimi nilisimama na rai ya tatu: upogolewe, lakini kwa wakati wake.

Wakati ndio msingi wa kazi hii. Bogenvilia huchanua juu ya tawi jipya. Tawi kuukuu kazi yake ni kuyabeba yale machanga. Kwa hiyo anayeuhurumia asiukate, huishia kuwa na kichaka cha vijiti vikavu ndani, na maua machache juu ya paa yanayoonwa na kunguru. Tena mmea huu hupenda kuchanua wakati wa ukame. Kusini mwa Uganda tuna mvua mara mbili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Basi mkato mkubwa ufanywe mwishoni mwa Februari au mwishoni mwa Agosti, maua yakiwa yamekwisha kupukutika na mvua i karibu. Mvua huyakuza machipukizi, kisha kiangazi huyavika rangi. Akataye mvua zikiisha hukata maua ya miezi ijayo.

Namna yake ni hii. Vaa mikono mirefu na glavu ngumu, maana miiba haina staha. Tumia mkasi wa bustani na msumeno mdogo. Panga huchana tawi badala ya kulikata. Kwanza ondoa matawi makavu, dhaifu, na yanayosuguana. Pili, chagua manne au matano yenye nguvu yawe mihimili, uyafunge yakiwa yamelala ubavu, kwani tawi lililolazwa huchanua kuliko lililosimama. Tatu, vifupishe vitawi vya pembeni hadi yabaki macho mawili au matatu, ukikata juu kidogo ya jicho linaloelekea unakotaka. Kwa kawaida theluthi moja ya mmea yatosha kuondolewa kwa mara moja. Baada ya hapo usiulevye kwa samadi na maji. Utakulipa majani matupu.

Hoja yangu ikakubaliwa, tukapogoa mwishoni mwa Februari. Mjane wa marehemu, ambaye ni jirani wa shule, alipita akauona ukuta mtupu, akasimama kimya. Nikamwamkia, kisha nikasema, "Mama, hatukuung'oa." Akajibu, "Naona, Mwalimu. Lakini mzee asingeuacha uchi namna hii." Sikubishana naye, kwa kuwa huzuni haijibiwi kwa maelezo ya kilimo. Nilimchagulia vijiti kadhaa vya unene wa kalamu na urefu wa shibiri, akaenda kuvipanda kwake.

Mvua za Machi zilikuja, tangi likajaa na darasa likabaki kavu. Kufikia Julai maua yalikuwa yameanza usawa wa dirisha, mahali ambapo hata mtoto mfupi huyaona. Katika vijiti vya Mama, viwili vilishika.

Wanafunzi walioshiriki walirudi darasani na mikwaruzo mikononi na maneno vichwani: jicho, chipukizi, mhimili, kipandikizi, kupogoa. Sijamwona hata mmoja wao akiandika tena kwamba mti ulifyekwa. Walimu wenzangu mlio na ua wa namna hii shuleni, noeni mikasi kabla ya mvua zijazo, na msiende peke yenu. Nendeni na darasa.